Watu wa Tini

Katika mlolongo wa visiwa vya Wabajuni unaoteremka kutoka Kismayo, Somalia, hadi Ras Kiamboni, mpakani na Kenya, kuna mahali ambapo jina lake kamili ni Fuma Iyu na Tini. Mswahili wa Unguja hahitaji mkalimani hapo: iyu ni juu, tini ni chini. Akiketi kidogo na wenyeji atagundua jambo la pili, kwamba watu wao ni wachu na moto wao ni mocho. Hapo kichwa huanza kumzunguka, kwa kuwa ch yake imekuwa t, na t yake imekuwa ch. Sauti hizo mbili zimebadilishana viti.

Mbadilishano huo ndio mfano bora niliowahi kuupata wa kufundishia sharti, yaani ile sehemu ya programu inayosema: kama hivi, fanya vile. Vitabu vingi vya wanaoanza hutumia umri wa kupiga kura. Kama umri umefika 18, andika “anaruhusiwa”. Mfano huo ni mchovu, maana mwanafunzi analijua jibu kabla ya kugusa kibodi, na hata akiandika ovyo programu inaweza kutoka sawa. Lafudhi ya Fuma haina huruma ya namna hiyo.

Kazi yenyewe ni ndogo. Programu ipokee maneno ya Kiswahili sanifu, iyatoe kwa Kibajuni. Tuanze na kanuni mbili tu na sentensi moja ya kujaribia, “watu wa chini”, ambayo tunataka itoke “wachu wa tini”. Anayeanza huandika hivi, na mimi mwenyewe mara ya kwanza niliandika hivi:

Kama sentensi ina t, geuza kila t iwe ch.
Kama sentensi ina ch, geuza kila ch iwe t.

Ukiisoma kwa sauti, haina kasoro. Ukiiendesha, inatoa “watu wa tini”.

Tuifuate hatua kwa hatua. Mstari wa kwanza unapokea “watu wa chini”, unaiona t ya watu, unaandika “wachu wa chini”. Hadi hapo ni sawa. Mstari wa pili haupokei tena sentensi tuliyoanza nayo. Unapokea ile iliyokwisha kuguswa, ambamo sasa mna ch mbili: moja ya chini, iliyokuwamo tangu mwanzo, na moja ya wachu, iliyozaliwa sekunde hii. Mstari hauna njia ya kuzitofautisha. Unazigeuza zote mbili, na wachu wanarudi kuwa watu.

Wengi wakifika hapo hujaribu dawa ya haraka, kugeuza mpangilio wa mistari. Ch kwanza, t baadaye. Matokeo ni “wachu wa chini”. Neno lililokuwa limeharibika limepona, na lililokuwa zima limeharibika.

Kosa hili linatokana na namna tunavyosikiliza. Bwana harusi akisema “wageni wa kike wapite kulia, wa kiume wapite kushoto”, hakuna anayepita kulia kisha akageuzwa kushoto kwa sababu amri ya pili imemkuta upande ule. Tunazichukua amri zote mbili kwa pamoja, na tunazipima kwa hali iliyokuwapo kabla ya yeyote kusogea. Kompyuta haichukui kwa pamoja. Inatimiza ya kwanza mpaka mwisho, inaisahau, kisha inafungua macho upya na kuitazama dunia kama ilivyoachwa.

Tiba ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kusoma kutoka karatasi moja na kuandika kwenye nyingine, ili sentensi ya asili isiguswe kamwe. Ya pili ni kuyafunga masharti yote kwenye mnyororo mmoja, ambamo sauti moja ikishajibiwa haiulizwi tena:

Kwa kila sauti katika sentensi ya asili:
Kama ni ch, andika t.
La sivyo, kama ni t, andika ch.
La sivyo, iandike kama ilivyo.

Katika Python maneno hayo matatu ni if, elif na else. (Lugha hiyo ilitolewa kwa mara ya kwanza Februari 1991, wiki chache tu baada ya serikali ya Rais Siad Barre wa Somalia kuanguka Mogadishu. Mambo haya mawili hayahusiani, lakini kuanguka huko kutaturudia.) Tofauti kati ya kama mbili zilizosimama peke yake na kama moja yenye la sivyo kama haionekani kwa macho mpaka ukutane na kazi ambayo jibu la swali la kwanza linaweza kuliangukia swali la pili. Kwenye umri wa kupiga kura jambo hilo halitokei. Kwenye t na ch linatokea kila neno.

Sasa ipe programu neno thelathini. Inaona t, inaandika ch, inaiacha h ifuate, na tunapata chhelachhini. Th ni sauti moja iliyoandikwa kwa herufi mbili, na haihusiani na t ya watu. Kwa hiyo tunahitaji swali jingine, kama ni th, na swali hilo lazima liulizwe kabla ya lile la t. Likiulizwa baada, halitafikiwa kamwe, kwa kuwa kila th huanza na t na mnyororo utakuwa umekwisha kuikamata. Ndilo kosa lile lile la mwalimu anayepanga alama hivi: kama ni 40 au zaidi, umefaulu, la sivyo, kama ni 80 au zaidi, umefaulu vizuri sana. Aliyepata 95 ataambiwa amefaulu tu, kwa sababu lango la kwanza lilikuwa pana mno. Swali jembamba hutangulia, pana hufuata.

Kuna utata mwingine ambao nadhani Kiswahili chenyewe kinauchochea, na sijauona ukizungumzwa vya kutosha. Mwaka 1986 Roy Pea, mtafiti wa Marekani wa mambo ya elimu, alichapisha uchambuzi wa makosa ambayo wanaoanza huyafanya katika lugha yoyote ya kompyuta. Mojawapo ni kuamini kwamba mstari wa sharti hukaa macho. Mwanafunzi anaandika juu ya programu: kama ukubwa ni 10, andika “habari”. Mistari mingi baadaye ukubwa unafika 10, na yeye anangoja ile “habari” itokee. Haitokei. Mstari uliulizwa mara moja, wakati ukubwa haujafika, ukajibu hapana, ukapitwa.

Wanafunzi wale hawakuwa Waswahili. Sasa fikiria anayefikiri kwa -ki-. Baharia wa Fuma akisema “maji yakijaa tutashusha mashua”, hamaanishi kwamba atatazama maji mara moja, akiyakuta yamepwa aende zake. Anamaanisha atakaa pwani, na dakika maji yatakapojaa mashua itashuka. Kiambishi hicho kimoja kinabeba maana mbili, ile ya ikiwa na ile ya wakati wowote itakapokuwa, na masikio yetu hayazitenganishi kwa kuwa hayajawahi kuhitaji kuzitenganisha. Kila ninaposikia mtu akitafsiri if kwa -ki- darasani, najua kosa la Pea liko njiani. Afadhali kuisoma kama swali la papo hapo: je, sasa hivi maji yamejaa? Swali la namna hiyo mtu hulijibu mara moja na kuendelea na safari. Akitaka kungoja, ajenge mzunguko unaouliza tena na tena, maana kungoja ni kazi nyingine yenye mistari yake.

Turudi kwenye mnyororo wetu, na hasa kwenye kiungo cha mwisho, la sivyo. Huyu ndiye mpokeaji wa kila kitu ambacho hatukukifikiria. Kwa programu ya herufi nimempa kazi salama: iandike kama ilivyo. Lakini hata hapo mambo hayajatulia. Ch ya chakula, kwa mfano, haitakiwi kuwa t. Ilitokana na ki- ya ngeli iliyogongana na irabu, na lafudhi za kaskazini haziigusi. T ya tiketi ilikuja juzijuzi na Waingereza. Programu inaifanya chikechi, neno ambalo sijalisikia kwa mtu yeyote. Halafu kuna kuteka na kucheka. Kwa kufuata kanuni zetu mbili tu, kuteka maji kunatoka kucheka, na kucheka kwa furaha kunatoka kuteka. Programu haijakosea hapo. Ila msikilizaji wa Unguja akiisikia sentensi bila kuona ndoo atadhani kisimani kuna harusi.

Masharti tunayohitaji sasa yanauliza kitu ambacho hakimo ndani ya herufi, yaani neno hili limetoka wapi. Na swali hilo, likiondolewa kwenye maneno na kuwekwa kwa watu, limewahi kuulizwa kwa Wabajuni na serikali za mbali.

Historia fupi inatosha. Mwaka 1925 Uingereza iliikabidhi Italia eneo la Jubaland, na mpaka ukapita katikati ya pwani ya Wabajuni. Kismayo, Fuma, Koyama, Chovai na Chula zikabaki upande ambao baadaye ukawa Somalia. Kiunga, Faza na Kizingitini zikabaki Kenya. Ndugu wa damu, mashua zile zile, na wachu pande zote mbili. Baada ya Siad Barre kuanguka Januari 1991 Wabajuni wengi wa upande wa kaskazini walikimbia kwa bahari hadi Kenya, na kambi ya Jomvu karibu na Mombasa ikawa makazi ya wengi wao katika miaka iliyofuata. Baadhi walifika Ulaya wakaomba hifadhi. Uingereza, miongoni mwa nchi nyingine, ilitaka kujua ni nani hasa anatoka visiwa vya Somalia na ni nani anatoka Lamu au Mombasa. Mwombaji alirekodiwa akizungumza, na wachambuzi wa kampuni ya Sweden iitwayo Sprakab wakasikiliza na kuandika ripoti.

Ukiivua lugha ya kisheria, programu inayojaribiwa hapo katika hali yake ya kizembe kabisa ni hii:

Kama anasema wachu na tini, ni Mbajuni wa Somalia.
La sivyo, ni mtu wa Kenya.

Mstari wa kwanza una kosa ambalo kila anayeanza hulifanya angalau mara moja. Tunajua kwamba mzawa wa Fuma husema wachu. Hatuwezi kutoka hapo na kudai kwamba kila asemaye wachu ni mzawa wa Fuma, kwa maana mwanamke wa Faza naye husema wachu tangu kuzaliwa, na ana kitambulisho cha Kenya. Sharti halirudi kinyumenyume kwa kupenda kwetu.

Mstari wa pili ndio wa hatari zaidi, na hapa ile programu yangu mbovu ya mwanzo inageuka kuwa mwalimu. Kumbuka ilitoa nini: watu wa tini. Mzawa wa Fuma hatayaacha maneno hayo yapite, lakini yana kwao kwingine. Mtu wa Amu, yaani Lamu, husema watu, na husema tini. Mji wa Kale wa Mombasa pia. Programu iliyotekeleza kanuni ya Fuma halafu ikaipitishia kanuni ya pili juu yake imemchukua mtu kisiwani na kumshusha Lamu, ng'ambo ya mpaka, bila yeye kuinua mguu.

Na ndivyo maisha yalivyowaendesha wengine. Mchukue mtoto aliyefikishwa Jomvu akiwa na miaka mitatu. Mstari wa kwanza ni nyumbani: mama anasema wachu, naye anasema wachu. Mstari wa pili ni mtaa, ambapo wenzake wanasema watu, na wachu inachekwa. Akifika miaka kumi na tano anasema watu wa tini. Mchambuzi aliye mbali, akiwa na dakika chache za mazungumzo, anapokea sentensi ambayo imepita mistari miwili lakini inafanana herufi kwa herufi na ya mtoto aliyezaliwa Mombasa na hajawahi kuiona Somalia hata kwenye ramani. Mistari haiwezi kurudishwa nyuma. Kutoka kwenye “watu wa tini” hakuna hesabu itakayokurejesha kujua kama mwanzo palikuwa na wachu au hapakuwa. Habari hiyo ilifutwa njiani.

Wanaisimu waliliona hilo. Mwaka 2004 kundi la wanaisimu 19 kutoka mabara mbalimbali lilitoa mwongozo kuhusu uchambuzi wa lugha katika kesi za wakimbizi. Moja ya hoja zake kuu ni kwamba uraia ni jambo la kisiasa na la kiofisi ambalo lugha haiwezi kulithibitisha. Usemi wa mtu unaweza kutoa dalili za kutosha za mahali alipolelewa kijamii tu. Kwa lugha ya programu, walikibandua kisanduku cha kuhifadhia jibu lebo ya uraia wakabandika malezi. Nimeona programu nyingi za wanafunzi zikiponywa na kitendo hicho kimoja, kukipa kisanduku jina la kile kilichomo kweli.

Mwaka huo huo baraza la rufaa za uhamiaji la Uingereza lilitoa uamuzi uliohusu moja kwa moja Wabajuni na uwezo wa kusema Kibajuni. Liliagiza pande tatu zitazamwe: ujuzi wa lafudhi, ujuzi wa maisha ya Wabajuni ndani ya Somalia, na ujuzi wa mila na maisha ya Kibajuni kwa jumla. Upande mmoja peke yake usiwe wa kukata shauri. Mwanafunzi makini atauliza: hizo tatu zimeunganishwa kwa na, au kwa au? Wangetumia na, mtoto wa Jomvu angeanguka kwa kukosa kimoja. Wangetumia au, yeyote aliyekariri majina ya visiwa angepita. Baraza halikutumia hata kimoja. Lilitaka mizani, yaani kila jibu liongeze au lipunguze uzito, na uamuzi ufanywe kwa jumla. Kwa mtazamo wangu hapo palikuwa na mtu aliyeielewa kazi.

Baadaye mizani ilibonyezwa kwa kidole. Mwaka 2010, katika kesi nyingine ya mtu aliyejitaja kuwa Mbajuni, baraza la juu la rufaa lilizipa ripoti za Sprakab uzito mkubwa, kwa maneno yaliyosomeka kama mwongozo kwa kesi zijazo. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza, ikiamua kesi ya waombaji wawili waliosema wanatoka Somalia, ilikataa mwelekeo huo wa kuziwekea ripoti hizo uzito wa kudumu. Ilitaka kila ripoti ipimwe kwa ushahidi wake. Ilikosoa pia wachambuzi waliotoa maoni kuhusu ujuzi wa mwombaji wa nchi yake bila kuonyesha kwamba wao wenyewe wana utaalamu wa jambo hilo.

Lugha ya kompyuta ya zamani ingeweza kuwasaidia waamuzi hao. Mwaka 1957 timu ya John Backus pale IBM ilipotoa FORTRAN, sharti lake lilikuwa na njia tatu: hesabu ikiwa chini ya sifuri nenda mstari huu, ikiwa sifuri nenda ule, ikizidi sifuri nenda wa tatu. Lilikuwa gumu kusomeka, na lugha zilizofuata zikazoea njia mbili, kama na la sivyo. Ninaelewa kwa nini. Hata hivyo ninawataka wanaoanza waandike la sivyo yao ya kwanza ikiwa na neno moja tu ndani yake, “sijui”, na waiache hapo mpaka wapate sababu ya kuiondoa. Kwenye programu ya lafudhi nimeifanya hivyo: neno lolote lenye t ambayo chimbuko lake halimo kwenye orodha yangu linatoka na alama ya kuuliza pembeni. Ukurasa unachafuka alama hizo, lakini tiketi imebaki tiketi.

Mwisho niliipa jina la kisiwa. Niliongeza kanuni ya tatu, j iwe y, kwa kuwa lafudhi hizi hufanya hivyo mara nyingi, nikaandika Fuma Juu na Chini. Ikatoa Fuma Yuu na Tini. Karibu, lakini iyu ina i yake ya kale ambayo kanuni haiijui. Nikaweka sharti jembamba juu kabisa ya mnyororo: kama neno zima ni juu, andika iyu. Ikatoa Fuma Iyu na Tini.

Nikajaribu na jina la mji wa Kismayo, ambalo wengi hulifasiri kuwa kisima cha juu. Niliandika Kisimajuu, neno moja. Sharti la iyu lilitafuta neno zima, halikuliona, likapita. La j likaikamata j yake. Kioo kikaandika Kisimayuu, bila alama ya kuuliza.